Mkono wa Mwalimu Vitus

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo Faustina alishuka Igowole na tenga zima la nyanya za Ilula, alizozichagua mwenyewe moja moja, ngumu na zisizo na doa. Mwalimu aliyekufundisha Kiingereza hata ukaweza kuwauzia nyanya Wazungu haendewi na maneno matupu. Na hata hizo nyanya alijua zimechelewa. Miaka ishirini alikuwa akisema kesho nitakwenda kumshukuru, mpaka akasikia barabarani kwamba Mwalimu Vitus amepigwa kiharusi upande wa kulia. Siku hiyo aliona aibu sana.

Mke wa mwalimu, Mama Joachim, alimpokea mlangoni.

"Kamwene, mwanangu. Karibu. Ila nikwambie kabla hujaingia, usije ukakasirika: hakupi mkono. Hampi mtu mkono siku hizi."

"Nimesikia, mama. Wa kulia umekufa."

"Na wa kushoto je? Mzima kabisa! Nesi wa mazoezi kasema akiutumia huo kushika kijiko, kikombe, fimbo, atainuka. Asipoutumia atalala hapo mpaka tumzike. Basi yeye kauficha kwenye blanketi. Mwezi wa pili huu namlisha kama mtoto. Amekata tamaa, mwanangu." Akashusha sauti. "Na mimi nimechoka."

Ndani, mzee alikuwa ameegemezwa ukutani karibu na jiko la mkaa, blanketi limemfika kidevuni. Faustina akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Ma... ma..."

"Marahaba, anasema marahaba," Mama Joachim akadakia.

Mzee akafungua tena mdomo. "Anataka maji," mama akasema, akaleta maji. Mzee akatikisa kichwa. Basi anataka mto, ukaletwa mto. Mapenzi ya mama yule yalikuwa na mbio, na kila neno la mumewe lilipokonywa kabla halijavuka meno. Mzee akafumba macho.

Faustina akaona asipoyasema aliyoyajia, ataondoka nayo.

"Mwalimu, unakumbuka ulivyokuwa ukitupa neno moja kwa wiki nzima? Mimi nakumbuka wiki ya hand. Ulisema hand ya Mzungu inaishia kwenye kifundo cha mkono, juu yake ni neno jingine, maana wao hata mkono wameugawana. Ukasema mshale wa saa nao ni hand, kibarua wa shamba ni hand, na mtumba tunaovaa ni second-hand. Na kumpa mtu hand ni kumsaidia. Halafu kila mmoja akasimama kutoa sentensi yake."

Mzee akafumbua macho.

"Basi siku moja gari la watalii likapata pancha pale Ilula. Mzungu akatuita, 'Please, give me a hand!' Happy wa darasa letu na wenzake, somo wamelisahau, hao, mbio, kumpa mkono! Mmoja mmoja, na goti wakapiga. Mzungu wa watu kapokea salamu saba, na tairi bado liko chini."

Mama Joachim alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

"Mimi nikatua ndoo, nikashika jeki. Yule bwana ana kambi ya wageni huko mbugani. Mpaka leo nyanya za kambi nzima natoa mimi. Wanangu wanasoma, nyumba yangu ina bati. Ni neno lako lile, mwalimu. Asante. Nimechelewa kuisema, nisamehe."

Machozi yakamtoka mzee. Mdomo ukaanza kuhangaika, na Mama Joachim alikwisha inuka kufuata leso. Faustina hakujua ujasiri ule ameutoa wapi, lakini alijikuta akisema kama walivyokuwa wakiambiwa darasani:

"Sentence, teacher! Hand!"

Mama Joachim akasimama pale pale. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe augue hakuwa na neno la kummalizia. Mkaa ukapasuka jikoni. Wakangoja.

"Left..." Jasho lilimtoka mzee kwenye paji. "Left hand..." Wakangoja tena, muda mrefu. "Left hand... is... insult."

"Kasema nini?"

"Kasema mkono wa kushoto ni matusi, mama."

Hakuna aliyelelewa nchi ile asiyelijua hilo. Humpi mtu kitu kwa kushoto, hupokei kwa kushoto, na daftari ulilompelekea Mwalimu Vitus kwa kushoto ulirudi nalo kwenye dawati ukajifikirie. Mzee hakuwa amekata tamaa. Alikuwa akiona haya kumpokea mkewe kikombe kwa mkono wa dharau.

Mama Joachim akakaa chini kwa kishindo.

"Yaani, Baba Joachim, miezi miwili hii ulikuwa unaniheshimu? Nakulisha, nakugeuza, nafua mashuka, nalia jikoni peke yangu nikijua umenichoka mimi na dunia, kumbe ni adabu?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama alitaka kukasirika, na alikuwa na haki, lakini kicheko na kilio vilimjia pamoja vikamshinda. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akamimina chai, akauweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, na kwa ule wa kushoto, ambao tangu aolewe hajawahi kumpa nao mumewe hata chumvi, akamnyooshea kikombe.

"Haya, pokea. Matusi kwa matusi. Tutatukanana hivi hivi mpaka upone."

Mzee akacheka, mdomo ukienda upande. Blanketi likasogea, mkono wa kushoto ukatoka, ukashika kikombe. Nusu ya chai ilimwagika kifuani, na Mama Joachim akajizuia asimfute. Iliyobaki mzee aliinywa mwenyewe.