Ghala la Borghild

Nilikuja kumnyang'anya baba ufunguo wa boti, na nikamwambia nimekuja kupumzika. Uongo wa kitoto, kwani hakuna anayekuja kupumzika kwenye visiwa vyetu vya kaskazini ya mbali mwezi Januari, jua lisipochomoza kabisa na kamba za gati zikiwa zimevaa barafu. Kaka yangu Eilif ndiye aliyenipigia simu. Alisema mzee amegonga gati mara mbili tangu Septemba, macho si macho tena, na lazima mmoja wetu aende akaone, na ikibidi aichukue boti. "Wewe unaweza," aliniambia. Eti naweza! Katika ukoo wetu, neno baya likitakiwa kusemwa, hutafutwa Jorunn.

Nilijua ninachokwenda kuchukua. Baba ana miaka themanini na mmoja na anaishi peke yake kisiwani. Bila boti hana duka, hana kanisa, hana hata mtu wa kubishana naye. Itabidi ahamie mjini, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama magari yaliyoegeshwa.

Kesho yake saa tano asubuhi, mwanga ulipoanza kujitokeza, alisema anakwenda dukani kisiwa cha Skarvøya kununua kahawa.

"Nakuja nawe," nikasema.

"Basi vaa vizuri. Huko mjini baridi mnaijulia kwenye friji."

"Baba, mimi nimezaliwa hapahapa."

"Ulizaliwa Julai."

Tukatoka. Injini yake ni ya zamani, ya silinda moja, inagonga kama mtu anayetwanga bila haraka. Moshi wa baridi, ule mvuke unaotoka baharini hewa ikiganda, ulikuwa umetanda juu ya maji, mzito, unaishia usawa wa kiuno. Juu yake milima na nyumba vilionekana wazi kabisa. Nilisimama karibu na baba ndani ya kibanda cha usukani, mikono kwapani, nikimchunguza kama askari wa forodha.

Kwetu njia ya majini husomwa nchi kavu. Unaangalia kitu kimoja kikae mbele ya kingine, ndipo unakata kona. Na mshika usukani hutaja alama zake kwa sauti ili aliye naye ajifunze. Hata akiwa peke yake hutaja, maana mdomo ukizoea haunyamazi.

"Nguzo ya taa mbele ya pengo la mlima," akasema baba, akakata kushoto. Kweli, nguzo ilikuwa imekaa katikati ya pengo.

"Nyumba ya mchungaji inajificha nyuma ya kisiwa cha kondoo." Kweli tena. Nikaanza kumcheka Eilif moyoni. Mzee huyu anaona kuliko mimi ninayevaa miwani, nikawaza, na nilifurahi mno, kwa sababu ningerudi mjini mikono mitupu.

Tukafika pale pembamba, ambapo njia hupita katikati ya miamba miwili iliyolala chini ya maji.

"Haya, ghala la Borghild hilo," akasema. "Jekundu, limekaa sawa juu ya jiwe jeupe. Umeliona?"

Nikatazama. Jiwe jeupe lilikuwepo. Juu yake hakukuwa na kitu. Dhoruba ya Oktoba ililing'oa ghala hilo la jirani yetu Borghild, alimolaza ng'ombe wake, paa na kuta, na mbao zilizobaki zilichomwa. Eilif alinitumia picha. Baba hakuambiwa na mtu, na nani angemwambia? Kila mtu alijua anapita hapo kila wiki, basi amejionea.

Nilitaka kuushika usukani, lakini tulikuwa tayari katikati, na mkono wenye hofu ndio unaozamisha. Nikaibana mikono kwapani. Baba aliinamisha kichwa kidogo, sikio moja likielekea dirishani, na hapo ndipo nilipoelewa: alikuwa anasikiliza mlio wa injini unavyorudi kutoka kwenye majabali. Mwani wa mwamba wa kulia ulipita karibu nasi, ningeweza kuugusa kwa upondo. Kisha maji yakafunguka.

"Baba," nikasema, "ghala lile halipo. Liliondoka na dhoruba."

Akapunguza mwendo.

"Lote?"

"Lote."

"Na ng'ombe?"

"Wazima."

"Afadhali," akasema. Akavua glavu, akapangusa macho, ingawa hayakuwa na machozi. "Tangu Pasaka naona weupe tu, kama maziwa ya ng'ombe, Jorunn. Maziwa asubuhi, maziwa jioni."

Hasira ilinipanda. "Na unaendesha boti! Mficha maradhi kilio humfichua, hukutufundisha wewe? Ungekufa humu, tukuokote ufukweni na makopo!"

"Endelea," akasema. "Ndicho nilichokuitia."

"Kuniita? Mimi nimekuja kupumzika."

"Mwongo we. Mimi ndiye niliyemwambia Eilif akutume. Yeye angekuja akalia, nami ningemhurumia, nikaendelea na boti mpaka siku ya mwisho. Nilitaka mtu wa kunigombeza. Kila wiki nimekuwa nikipita hapa na hofu, mwanangu, na kuacha mwenyewe siwezi."

Nililia mimi, mkali wa ukoo, nikapenga kamasi kwenye glavu, na yeye akajifanya hasikii.

Dukani alinunua kahawa na jibini ya kahawia, akamtania muuzaji kama kawaida. Tulipokuwa tunarudi alikwenda mwenyewe kukaa kwenye kasha la kamba, upande wa abiria, na mikono yake haikujua ikae wapi. Mara aliiweka magotini, mara aliikunja.

Nikashika usukani. Nilitaja kila nilichokiona, kwa sauti, na yeye aliitikia kwa kichwa. Halafu moshi ukapanda, nikanyamaza kidogo ili nitazame vizuri.

"Tuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia.

Kabla hatujapita urefu wa boti mbili, mtu huyu ambaye hajawahi kumuuliza yeyote njia akauliza tena, kwa adabu, kama mgeni: "Na sasa?"