Agustino Aja Kuchorwa

Kibanda cha Arcade, fundi wa tatuu, kilikuwa nyuma ya saluni ya kiume pale Misunkumilo. Ukutani alikuwa amebandika michoro yake: simba, waridi, Bikira Maria, na bibi kizee mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Pelagia alipoingia hakuangalia ukuta. Alivuta stuli, akapandisha mkono wa blauzi hadi begani, akaulaza mkono wake mezani kama mtu aliyekuja kupimwa presha.

"Nataka mume wangu," alisema. "Nyeusi na kijivu, afanane hasa. Sitaki katuni."

Arcade alikuwa mzaliwa wa Katumba, na yeye mwenyewe hakuwa na tatuu hata moja kwa sababu mama yake alimkataza. Akamweleza kazi inavyokwenda. Uso wa mtu haufanani na kuandika jina la mpenzi. Unataka picha kubwa na safi, na mwanga utoke upande mmoja ili kivuli kijue pa kukaa. Halafu kwenye ngozi nyeusi kama ya Pelagia, penye mwanga hapatiwi wino kabisa, inaachwa ngozi yenyewe. Picha ikiwa mbovu mtu hutoka akifanana na shemeji yake, na wino ukishaingia umeingia.

Pelagia akatoa picha ya pasipoti. Ilikuwa imefuliwa ndani ya suruali. Pua ilionekana, na sikio moja.

"Dada, hapa hakuna mtu," Arcade alisema.

"Basi nitamwita mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Kwenye duara la bosi Zefania. Lilimporomokea mwezi wa tatu akiwa chini anachimba."

"Pole sana. Mwambie aje mchana. Jioni mwanga wa hapa haufai."

Huyo bosi Zefania ndiye aliyekuwa mwenye duara, yaani shimo lile la dhahabu, na alikuwa amesema mbele ya watu kwamba siku ile chini hakukuwa na mtu. Kwa maneno yake, Agustino aliaga asubuhi akaenda zake Karema, huko ziwani, kumfuata mwanamke. Kisha Zefania akalifukia shimo na kupanda mahindi juu yake, na mahindi yakastawi bila aibu. Kwa hiyo hapakuwa na maiti, na pasipo maiti ndugu wa Agustino kule Kasansa hawakuweka matanga. Katekista Faustini, mtu mwema asiyependa ugomvi, alimwombea kila Jumapili katika kundi la wasafiri, pamoja na madereva wa malori. Pelagia alikaa kwenye benchi lake akisikia mume wake anatakiwa safari njema, na kwa hasira akakataa kuitikia. Alitaka Agustino afukuliwe, azikwe, na jina lake lisomwe pamoja na wafu wenzake. Hakutaka kingine.

Siku ile ile alipotoka kwa Arcade alikwenda kwenye yale mahindi, akachuchumaa katikati ya mistari, akaiambia ardhi kwamba fundi anamhitaji Agustino mchana.

Agustino alifika kesho yake baada ya chakula. Alivua buti mlangoni, maana kwao alilelewa vizuri, akapita katikati ya wateja wa saluni akidondosha maji mekundu. Mteja mmoja aliyekuwa ananyolewa alimuuliza habari za siku nyingi. Agustino akajibu nzuri, ni udongo tu. Arcade alimkalisha karibu na dirisha, akampiga picha kwa simu. Picha ilitoka na kiti, ukuta na kalenda ya mwaka jana. Akajaribu tena akiwa amesimama mahali pengine, kikatoka kiti kile kile.

"Simu hizi," Arcade alisema, akachukua penseli.

Ugomvi ulitokea kwenye nguo. Pelagia alikuwa amekuja na koti la harusi, limepigwa pasi, kwa sababu kila alipomkumbuka alimwona ndani ya koti lile. Agustino alilitazama, akalishika kola kwa vidole viwili asilichafue, akamrudishia.

"Mama Aline, ukinichora na koti watu watasema kweli nimesafiri."

Pelagia hakuwahi kulia tangu shimo lilipoporomoka. Alilia pale, amekumbatia lile koti, na Arcade akachonga penseli ambayo ilikuwa tayari ina ncha. Alipomaliza kulia alijifuta kwa kitenge.

"Mchore alivyo," alisema. "Na tope lake."

Arcade alifurahi, kwa namna ya mafundi. Tope la shavu la kushoto lingempa kijivu cha kutosha, na upande wa kulia angeuachia ngozi. Alinakili mchoro kwenye karatasi ya kubandika, akaujaribisha begani. Pelagia akasema hapana, uwe hapa chini ya kiwiko. Arcade akaugeuza ili uso umtazame Pelagia mwenyewe, kama ilivyo kawaida ya watu wanaochora wapendwa wao.

"Mimi namjua," Pelagia alisema. "Awatazame wengine."

Kazi ilikwenda kwa awamu, kidonda kikipona ndipo anarudi. Agustino naye alikuja kila awamu, akakaa kwenye kiti chake bila kulalamika, na Arcade akanung'unika juu ya dimbwi tu. Siku ya mwisho yalibaki macho. Arcade alipoyamaliza na kuinua sindano, kiti kilikuwa kitupu, sakafu imelowa, na kwenye mkono wa Pelagia Agustino akapepesa macho. Arcade akamsafisha kwa sabuni ya maji. Akamwagiza Pelagia asikae juani wala asijikune.

Mkono ulipopona, Pelagia alimchukua Katekista Faustini awe shahidi, wakaenda kwenye kibanda cha mabati ambako bosi Zefania alikuwa anakunywa chai. Aliulaza mkono mezani, kando ya chupa ya chai.

"Shikamoo bosi," Agustino alisema.

"Marahaba, Agustino. Umepungua."

"Muulize siku ile alikuwa wapi," Pelagia alisema.

"Nilikuwa chini, bosi," Agustino alijibu kabla hajaulizwa. "Bado niko chini."

Bosi Zefania aliweka kikombe. Alifikiri kweli, ilionekana usoni.

"Sasa Mama Aline, nisaidie. Mtu ananiamkia, ananijibu, wewe unasema amekufa. Nifukue nini wakati umeniletea mwenyewe?" Kisha akauinamia mkono. "Na wewe, Jumatatu zamu ya asubuhi. Usipotokea nafasi yako nampa mwingine."

Faustini alikohoa. Pelagia alimtazama akisubiri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyomletea pale. Faustini akasema angalau sasa imejulikana kwamba ndugu yetu amerudi. Jumapili iliyofuata alimtoa Agustino kwenye wasafiri, akamweka kwenye shukrani. Kanisa lilipiga makofi, na wanawake wawili walimpongeza Pelagia mlangoni.

Njiani kutoka kanisani, walipokaribia nyumbani, Agustino akasema:

"Mama Aline, Jumatatu uniamshe mapema."

Maisha yake yote Agustino hakuwahi kuchelewa zamu. Jambo hilo lilimuuma Pelagia kuliko chai ya Zefania, kuliko makofi ya kanisani. Lilimuuma hadi akasimama katikati ya barabara na bodaboda ikalazimika kumzunguka.

"Huendi," alisema.

"Nafasi itachukuliwa."

"Ichukuliwe. Mimi ndiye nitakayekwenda."

Jumatatu aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akabeba jembe na sepeto, akaenda kwenye mahindi. Aling'oa mstari wa kwanza, wa pili, akaanza kuchimba. Mlinzi wa shamba alimwamkia, akarudi kivulini, maana alikuwa ameagizwa kuzuia wezi wa mahindi, na huyu hakuchukua hata hindi moja. Agustino alimwelekeza kutoka mkononi: sogea kushoto, hapo pana jiwe, pumzika kidogo. Pelagia hakupumzika. Jasho lilimtiririkia Agustino usoni, naye akafumba macho.

Siku ya nne, au ya tano, bosi Zefania alikuja. Aliwasalimu wote wawili. Akamwambia Agustino, bila ubaya, kwamba amemwondoa kwa utoro na kijana mwingine ameshaanza. Alisimama pale ukingoni, mikono nyuma, akasubiri kuona kama kuna neno.

Pelagia alikuwa ameshuka hadi kiunoni. Akajaza sepeto, akamwambia bosi asogee, amesimama pale unapotupwa udongo.