Siku Tatu za Kujianika

Kambi ya watalii upande wa Mikumi ilikuwa inatafuta walinzi wanne, na ripoti ya daktari ilitakiwa ifike Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Mimi, Theodory, ambaye jimu wananiita Buldoza, nikajua nimeshapata. Mlinzi si mwili? Mwili ninao, akili tutaazima.

Jimu yetu ni uzio wa mabati nyuma ya gereji, na vyuma vyetu ni rimu na gia za malori yaliyokufa. Mwenyewe ni Kasiani. Ndiye aliyenishauri: "Utavuliwa shati mbele ya daktari, mwanangu. Jianike."

Kujianika kwetu ni kama mahindi kwenye turubai. Siku tatu kabla ya shindano la kutunisha misuli unakunywa kikombe kimoja tu cha maji kwa siku, mengine unasukutua na kutema, mpaka mishipa itokeze kama mizizi. Hakuna aliyewahi kujianika kwa ajili ya hospitali. Nikawa wa kwanza. Nikapiga vyuma asubuhi na jioni, nikala unga wa kujaza misuli vijiko vinne vinne, mgongo ulipolalamika nikameza vidonge vya maumivu alivyonipa Kasiani. Jumanne jioni nikafunga kazi na nusu kilo ya nyama.

Kwenye fomu ya daktari kulikuwa na swali: unatumia dawa au virutubisho vyovyote? "Andika Hapana," Kasiani alinionya. "Wakiona unga wanadhani ule wa kulevya." Nikaandika, nikaweka saini kwamba nimesema kweli.

Jumatano nilikuwa hospitali Kilosa, natolewa damu. Mchana nikaitwa kwa Daktari Naomi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kaa. Kreatinini yako mia moja sitini na nane. Kwa maabara yetu mwanaume asivuke mia na kumi."

"Sasa hiyo si nimewapita wote?"

Hakucheka. "Hiyo ni takataka ya misuli, baba. Misuli inaitoa, figo zinaichuja, unaikojoa. Ikijaa kwenye damu, tunazishuku figo kwanza. Kwenu kuna aliyeugua figo?"

Chumba kikawa kidogo. Marehemu baba aliondoka na miguu imevimba, viatu vyake vyote havimwingii.

"Baba," nikasema.

"Vyuma unanyanyua?"

"Kidogo."

"Kidogo, na shingo hiyo? Unga? Vidonge vya maumivu?"

Fomu ilikuwa mezani, Hapana yangu inaniangalia. Nikikubali, nimesaini uongo, kazi imekwenda. Nikikataa, mimi ni mgonjwa wa figo, kazi imekwenda pia. Dirisha lilikuwa na nondo. Maisha yangu yote nimetamani nondo za kunyanyua, zile sikuzitamani.

"Hapana, daktari."

"Sawa." Akavuta fomu, akaanza kuandika huku anasoma kwa sauti: "Hafai kwa sasa. Apelekwe kwa mtaalamu wa..."

"Daktari, ngoja!"

Nikamwaga yote: unga, vidonge, nyama, kikombe kimoja kwa siku. Akaweka kalamu chini.

"Ulijianika? Kama dagaa?"

"Kama mahindi, daktari."

Hapo ndipo akacheka, akajifuta macho, kisha uso ukarudi kazini. "Sikiliza. Misuli mikubwa, vyuma vizito, nyama, unga, vyote vinaweza kuipandisha namba hata figo zikiwa nzima. Lakini mwili mkavu ukiongezewa vidonge vile unaweza kuziumiza figo kweli. Leo siwezi kujua ni kipi. Mpaka Jumatatu, tutakapopima tena, usinyanyue kitu, hata ndoo. Unga na vidonge acha. Nyama kidogo. Maji kunywa kwa kiu yako, mkojo uwe wa njano iliyopauka. Ukivimba, ukitapika au mkojo ukipungua, usisubiri Jumatatu."

"Nikinywa ndoo nzima leo, si itashuka haraka?"

"Utaniletea ugonjwa mwingine. Figo si bomba la kuzibua."

"Na isiposhuka?"

"Tutaanza matibabu. Sijakuahidi kitu."

Nikarudi Mikumi kufungwa bila pingu. Kila asubuhi mama yangu, Elizabeti, alinibonyeza muundi kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akimfanyia baba, aone kama shimo litabaki. Alihesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha: "Limefutika. Kanywe uji." Ndoo ya kisimani alibeba mwenyewe, nami nimekaa kibarazani na mabega yangu kama sanamu ya mnadani. Kasiani akapita. "Buldoza limekuwa baiskeli!" Nilikuwa nachungulia rangi ya mkojo wangu kuliko nilivyowahi kuchungulia kioo.

Ijumaa nilishika rimu moja uani, ya mazoezi, basi tu nione. Mama akakohoa ndani. Nikaiweka.

Jumatatu asubuhi Daktari Naomi alishika karatasi muda mrefu, au mimi ndiye niliyeurefusha.

"Mia na nane."

"Nimepona?"

"Umeshuka. Kwa misuli hiyo namba yako huenda ikakaa juu kidogo, ndiyo maana nimepima na mkojo, nao hauna protini. Naandika unafaa. Baada ya miezi mitatu urudi, kwa sababu ya baba yako. Lakini ile Hapana utaikata mwenyewe, uandike ukweli, usaini pembeni. Bila hivyo sigongi muhuri."

Nikaikata. Nikaandika unga na vidonge, nikasaini pembeni.

Saa tano na nusu nilikuwa kambini mbele ya mzee Cleopa, msimamizi wa walinzi. Akaisoma fomu, kidole kikasimama kwenye mstari uliokatwa.

"Hii nini?"

"Nilidanganya, mzee. Nikarekebisha."

Akavuta rundo la fomu nyingine. "Hawa kumi na mmoja wote wameandika Hapana. Wanne nawaona kwa Kasiani kila jioni." Akanitazama mabega, kisha midomo iliyopasuka kwa ukavu. "Doria yetu ni ya saa sita mfululizo juani. Maji utabeba lita ngapi?"

"Tatu, mzee. Na nitayanywa."

Akaiweka fomu yangu kando ya rundo, peke yake. "Bado watatu," akasema.