Shuka Lisilo na Muhuri

Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali, mwaka wa kumi na nne sasa. Tangu mume wangu afariki, mikono hii ndiyo iliyonilisha na magoti haya ndiyo yaliyonishika, maana nasali asubuhi kabla ya kutoka na jioni nikirudi. Shule niliishia darasa la saba. Lakini macho ninayo.

Enzi za wanajeshi hakuna aliyetuuliza tunasali wapi wala babu zetu walitoka upande gani. Walitutandika sote sawasawa. Walipoondoka tukaambiwa sasa ni wakati wa kuchagua, kila kitu kitapigiwa kura, hata hospitali itakuwa na baraza lake, na kila idara itatoa mjumbe mmoja. Sisi wa chumba cha kufulia tulikuwa tisa. Siku hiyo tulicheka mpaka povu likatuingia machoni. Sisi? Tukae meza moja na daktari mkuu?

Hatukuhitaji kufikiri sana. Mama Pacha, ninayekunja naye mashuka, ndiye aliyetusemea tukapata glavu, baada ya miaka ya mikono kubabuka kwa dawa. Alimfuata mkubwa wa hospitali hadi kwenye gari. "Baba, hebu nishike mkono," akamwambia, akamnyooshea vidole vilivyochunika. Yule bwana alirudi nyuma kama ameona nyoka. Glavu zikaja wiki ileile.

Basi sote tukasema, Mama Pacha. Hilo lilidumu siku nne.

Siku ya tano nikakuta mabeseni yamegawanywa. Watu wa mlimani, wa kanisani kama mimi, tulikuwa sita. Mabeseni yetu yamepangwa dirishani penye hewa. Watu wa bondeni, wa msikitini, watatu, Mama Pacha akiwamo, ya kwao yamesukumwa kule kwenye mtaro. Na ghafla Pasi Moto, mpiga pasi wetu, mwanamke ambaye hajawahi kumtetea hata nzi, naye anagombea.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Watu wangu," akajibu, macho kwenye pasi. "Ambao ni wako pia, mama, kama hujasahau."

Aliyemtuma nilimjua mchana. Mtunza ghala wa hospitali, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alinikuta nikipiga mihuri. Hiyo nayo ni kazi yangu. Shuka jipya likitoka ghalani huletwa kwetu, tunalifua kuondoa ule ugumu wa kiwandani, kisha nalipiga muhuri wa wino pembeni, ndipo liende wodini. Siku hiyo nilikuwa narudishia mihuri iliyofifia tu, kwani mashuka mapya tulikuwa hatujayaona kwa miaka miwili. Kila tukiuliza, mzee anasema ghala ni tupu, tuvumilie.

"Habari za kazi, mama," akasema, akageuza ndoo, akakaa. "Kuna maneno kwamba yule mwenzako hupeleka mashuka yenye damu kwenye vitanda vya watu wetu. Makusudi."

"Maneno ya nani?"

"Yatakuwa yako. Wewe ni mjane, mtu wa sala, unakunja naye kila siku. Ukisema wewe, nani atabisha? Atafukuzwa, na kiti kitabaki nyumbani."

"Mzee, huo ni uongo."

"Ni siasa, mama," akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kiatu. "Sasa hivi kila kundi linavutia kwake. Tukilala, watatukalia."

Alinukia sabuni nzuri na mafuta ya nywele. Mimi nafua usaha na matapishi kila siku ya Mungu, na sijawahi kuona uchafu kama ule.

"Mimi simo," nikamwambia.

"Basi nyamaza tu. Hilo unaliweza?"

Mama Pacha nilimweleza yote tukikunja.

"Wakinifukuza, mwenzangu, wale pacha wangu watakula nini? Baraza?" Akacheka, lakini shuka lile tulilikunja mara tatu ndipo pembe zikakutana.

Siku ya kura msimamizi wetu alikuja na ndoo tupu ya sabuni iwe sanduku. Kabla hatujaanza, mzee akaingia na shuka, akalikung'uta mbele yetu. Katikati lilikuwa na doa la damu kubwa kama sahani.

"Limetoka wodi ya wazazi, kitandani kwa mama mmoja wa kanisani kwetu," akasema. "Anayepeleka mashuka wodi ile mnamjua. Msimamizi, huyu hafai kupigiwa kura. Hata kazi hafai."

Wote wakamtazama Mama Pacha. Yeye akanitazama mimi.

Lile shuka nililisikia kabla sijaliona vizuri. Lilipokung'utwa lililia kama karatasi. Shuka lililofuliwa hata mara moja halilii hivyo. Nikaenda nikalitoa mikononi mwake, nikazungusha pembe zote nne, polepole, kila mtu aone.

"Mzee, muhuri uko wapi?"

"Muhuri gani?"

Siku ile ya ndoo alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye wino wangu, akinitazama, na hakuona ninachofanya.

"Hili halijalaliwa na mtu," nikasema. "Hata maji halijaonja. Hiyo damu utajua mwenyewe uliitoa bucha gani. Lakini shuka limetoka ghalani, mzee. Kwenye ghala tupu."

"Kumbe yapo!" mmoja akapayuka, na wengine wakacheka.

Msimamizi akakohoa. "Ya ghala tutayaangalia. Hakuna anayefukuzwa leo. Pigeni kura."

Mzee akatoka. Mimi nikadhani yameisha. Karatasi tisa zikafunguliwa, zikasomwa kwa sauti. Pasi Moto, tano. Mama Pacha, nne.

Wao watatu wa bondeni, na mimi. Nikamgeukia yule aliyepayuka, wa kanisani kwetu.

"Si umeona kwa macho yako?"

"Nimeona, mama. Nani asiyeona? Mzee ni mwongo." Akajifuta mikono kwenye aproni kama mtu aliyeshiba. "Lakini ni mwongo wetu."

Uongo wa mzee ulinichefua. Ukweli huu ulinishinda. Mama Pacha akanivuta kiwiko. "Kazi ninayo, mwenzangu. Wodi ya wazazi wanangoja mashuka."

Jumapili mzee alisimama mbele palepale pake, akaomba. Akashukuru kwa nchi kupata uhuru wa kuchagua, na kwa kiti ambacho Mungu amewapa watu wake. Kanisa zima likaitika amina. Mimi neno hilo nimelisema tangu utotoni. Hata kaburini kwa mume wangu nililisema. Siku hiyo nilifunga mdomo.

Pasi Moto, aliyekaa pembeni yangu, akanigusa. "Itika basi, mama. Hukusikia?"

"Nimesikia," nikasema, na sauti sikuipunguza.