Kanuni Niliyoinyooshea Mkono

Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Naliandika hilo mapema ili mtu asije akanidhania mwema kuliko nilivyo.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mwanaume mmoja mlevi aliingia darasa la tatu na panga akimtafuta mke wake, ambaye ni mwalimu. Mke mwenyewe siku hiyo alikuwa kliniki. Watoto waliruka nje kupitia madirisha, na mjukuu wangu Beatha akavunjika mkono. Kwa hiyo kamati ya shule ilipokaa, mimi Letisia, mjane wa marehemu Marcelino, nilisimama nikasema iandikwe kwamba mtu yeyote wa nje asivuke geti akiwa na silaha, na akivuka apelekwe polisi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Brayson, akaniuliza kama kweli nina maana ya mtu yeyote.

"Hata angekuwa mdogo wake marehemu," nikajibu.

Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nikatia sahihi.

Bango likachorwa kwa rangi nyekundu, na mwezi wa kwanza tukapata mlinzi, Yusto, mtu mzima wa Manda kule ziwani, mwenye koti refu na filimbi shingoni.

Sasa huyo mdogo wake marehemu anaitwa Hilario. Ana miaka sitini na nane, tunakula chungu kimoja, na kazi yake ni kugema ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi yake iko nyuma ya darasa la sita. Baba mkwe wangu aliipanda kabla shule haijawa na tofali hata moja. Ukuta ulipojengwa ukaizungushia ndani, tukakubaliana na shule kwa mdomo kwamba mwenye mianzi atapita. Na mwanzi ukishaanza kugemwa haungoji mtu. Kila asubuhi na kila jioni unaunyoa kipande chembamba pale kwenye chipukizi, ulanzi unadondokea kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi kilichofungwa hapo kukinga. Ukiuacha siku mbili unakauka, na msimu wako umekwisha. Kazi hiyo huifanyi kwa kijiko. Kinatakiwa kisu chenye makali ya wembe.

Kwetu huku, njiani kati ya Njombe na Makambako, hakuna anayekiita kisu cha mgemi silaha, kama vile hakuna anayeliita hivyo panga la mtu anayetoka shambani. Ndiyo maana sikukumbuka kumwambia Hilario lolote. Miezi mitano sikukumbuka.

Jumatano, msimu wa kugema ndiyo kwanza umeanza, saa kumi na mbili asubuhi Yusto akamwona mzee amelowa umande anatokea nyuma ya madarasa, kisu kinang'aa mkononi. Manda hawagemi mianzi. Akapuliza filimbi, akapiga simu, na kabla sijamaliza kuchemsha uji wakaja kuniambia shemeji yangu amepakiwa kwenye gari la polisi.

Nilikwenda getini nikamweleza Yusto kwamba yule ni Hilario, kila mtu anamjua.

"Mama, soma bango."

"Nimelisoma. Mimi ndiye niliyesema liandikwe."

"Basi unalijua kuliko mimi."

Alikuwa amefanya kile kile nilichotaka afanye. Nikaingia kwa Mwalimu Brayson. Yeye akasema suala limeshafika kwenye mikono ya sheria, hawezi kuliingilia, na hapo alipo ana mambo mengi kwa sababu Ijumaa kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya wazazi kufyeka, na nyasi zimefika magotini. Akanipa barua waliyopewa wazazi wote. Nikaikunja nikaitia kwenye kitabu cha sala bila kuisoma vizuri. Mimi, ambaye hata kuku wa jirani akigeuza njia namwona.

Alhamisi nilifika Makambako kituoni. Nilipokewa na afande mwanamke, mpole, mwenye maneno yaliyonyooka. Akaniambia kosa linaitwa kuingia kwa jinai kwenye eneo la shule ukiwa na silaha. Akanionyesha kisu ndani ya mfuko wa plastiki: urefu wa kidole, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Akasema mlalamikaji ni shule. Mwalimu mkuu akija mwenyewe kueleza kabla ya saa saba mchana wa Ijumaa, jambo litaishia pale pale. Asipokuja, jalada litakwenda Njombe, na mzee atakwenda nalo mahakamani. Nikaomba namba yake ya simu, akanipa.

Hilario aliletwa mbele yangu. Sikuulizwa habari za nyumbani.

"Umeinyoa mianzi?"

"Nani ainyoe, Hilario? Na mimi niwekwe ndani?"

"Basi imekufa," akasema, akageukia ukutani.

Jioni nikarudi kwa Mwalimu Brayson. Akasema atatafuta nafasi wiki ijayo.

Usiku nikaisoma ile barua, na Ijumaa asubuhi nilichukua panga kama ilivyosema, nikaenda. Wazazi walikuwa kama themanini, mapanga na mafyekeo mabegani, na Yusto amefungua geti mabawa yote mawili, anawaitikia watu "kamwene, kamwene" kwa ile lafudhi yake ya ziwani. Jirani yangu Devotha alikuwa anafuta tope la panga lake kwenye nguzo ya bango. Kwenye nguzo ya bango lenyewe. Nikasimama hapo hapo, katikati ya geti.

"Yusto, hiki nilichoshika ni nini?"

"Panga, mama."

"Haya. Piga simu."

Akacheka, akaniambia leo watu wamekuja kazini. Nikamwambia hata Jumatano mtu alikuja kazini.

"Mama Zita," Devotha akaniita kutoka nyuma, "tumeacha viazi shambani tuje kufyeka nyasi, siyo kusikiliza kesi."

Nikamjibu apite tu, ila akivuka na panga lake mimi ndiye nitakayepiga simu, namba ya afande ninayo. Devotha akabaki pale alipo. Mtu akanong'ona kwa nguvu kwamba huyu si ndiye aliyenyoosha mkono. Nikasema ndiye mimi, na kanuni yenyewe siifuti, mkono wa Beatha mpaka leo haunyooki vizuri. Lakini inamkamata mwenye kisu cha kidole inawaachia wenye mapanga themanini, hiyo sasa ni kanuni gani?

Mwalimu Brayson akaja, tai shingoni, akasema nachelewesha kazi ya shule. Nikaitoa barua kwenye kitabu cha sala.

"Mwalimu, soma ulichoandika."

Akasoma. *Kila mzazi afike na panga au fyekeo.* Akatazama bango, akatazama wazazi, akasema basi atakwenda Makambako Jumatatu.

"Saa saba leo," nikamwambia. "Baada ya hapo mzee yuko Njombe."

Hakuna mzazi aliyekuja upande wangu kwa kumpenda Hilario, nisidanganye. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvuka. Wakakaa ukingoni mwa barabara, nyasi zimesimama ndani, na saa tatu Mwalimu akapanda bodaboda.

Nilitoa rozari. Nikiwa kwenye fumbo la pili Devotha akasema, bila ubaya, kwamba ningemwambia shemeji yangu neno moja tu tangu mwanzo tusingekaa hapa. Nikaendelea kusali. Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilinikera kuliko bango.

Saa saba na nusu bodaboda ikarudi na Hilario katikati. Akashuka, akanyoosha mkono kudai kisu. Mwalimu akampa Yusto. Tukakubaliana pale pale mbele ya wote, na safari hii ikaandikwa: chombo cha kazi kinaachwa kwa mlinzi, mlinzi anakibeba, na anamsindikiza mwenyewe mpaka anapomaliza. Ndipo tukaingia kufyeka.

Kati ya mianzi kumi na mmoja, minne ilikuwa bado na unyevu. Saba imekwenda. Sasa kila asubuhi na jioni Yusto anatangulia na kisu ndani ya kitambaa, anakibeba kama katekista anavyobeba msalaba, Mungu anisamehe, na Hilario nyuma yake analalamika kwamba mwenzake anatembea polepole.

Nilimwomba Hilario radhi. Nikamwambia nilisahau, hata sikujua kama kanuni ile ingemgusa.

"Sasa nimeshasimuliwa hicho kikao," akasema, akijimiminia ulanzi kidogo uliobaki. "Uliposema hata mdogo wake marehemu, watu walicheka kwa sababu wote walijua ni mimi. Wewe tu ndiye hukujua."