Nani Kapika Viazi Hivi?

Jumamosi, saa tano na robo asubuhi, Bi Ozella Spann alikuwa amemaliza kumenya ndoo ya pili ya viazi, na sasa alikuwa akigeuza wali mwekundu kwa mwiko mrefu. Alikuwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa Machi, kwa ugonjwa wa moyo, mbele ya jiko lile lile. Mtaa mzima wa Pinder ulikwenda kumzika, na siku ile watu walikula vizuri.

Binti yake Arletha alisimama nje, kwenye mlango wa nyuma, kiganja kimeegemea wavu wa kuzuia mbu. Karatasi iliyobandikwa pale ilisema jikoni ni kwa wafanyakazi tu.

"Umekula?" Bi Ozella aliuliza bila kugeuka.

"Sikuja kula, Mama. Nimekuja kukuchukua."

"Utakula kwanza. Umekonda kama ufagio."

"Wewe je? Hebu jitazame mikono."

Bi Ozella hakujitazama. Arletha aliyaona mafiga ya gesi kupitia mkono wa mama yake, kuanzia kiwiko hadi bega, na moto wa buluu ukiwaka nyuma yake. Mwezi uliopita ilikuwa vidole tu.

Katika uhai wake Bi Ozella alikuwa na sheria moja: mpishi hakai mpaka mlaji wa mwisho aweke uma chini. Kifo hakikumwondolea sheria hiyo. Nyumba ilipokuwa bado mikononi mwa ukoo, alikuja Jumapili ya pili ya kila mwezi, watu wakitoka kanisani. Aliwapikia watoto na wajukuu sukuma, kunde, samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi. Kufika saa kumi uma zote zilikuwa chini. Bi Ozella alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akaenda alikokuwa akienda. Hakuna aliyelifanya jambo hilo kuwa hadithi.

Lakini babu wa ukoo hakuandika wosia. Mji ule wa Georgia, Marekani, una nyumba nyingi za namna hiyo, za watu weusi walionunua ardhi kwa jasho wakaiacha kwa mdomo. Nyumba ya Spann ilikuwa ya warithi kumi na saba kwa pamoja. Mmoja wao, binamu aliyezaliwa Detroit na ambaye hakuwahi hata siku moja kukanyaga Pinder, aliuza fungu lake kwa Bwana Preston Haskell. Bwana Haskell akaenda mahakamani kusema kwamba jiko haligawanyiki mara kumi na saba, basi nyumba yote iuzwe. Hakimu alikubali. Mnada ulichukua dakika tatu, na mnunuzi alikuwa Bwana Haskell, aliyetaka kuifanya mkahawa.

Siku ya kwanza alipofungua mlango alimkuta Bi Ozella jikoni. Alimuuliza kama anaweza kukaanga samaki kwa ajili ya watu arobaini. Bi Ozella akasema watu arobaini ni Jumapili ya kawaida. Mkaguzi wa afya alikuja, akapima joto la sufuria, akagusa mkono wa mpishi, akauona wa baridi, akaagiza avae glavu. Kisha akabandika mlangoni alama ya juu kabisa.

Tangu hapo, kundi moja la wageni halimalizi kula kabla jingine halijaketi, na la mwisho hubeba mabaki kwenda kuyamalizia nyumbani. Miaka miwili Bi Ozella hakukaa.

"Siwezi kumpa mgongo mtu mwenye uma mdomoni," alisema sasa, akionja wali.

"Jumatatu wanaanza kufungua alfajiri mpaka usiku. Unajua?"

"Nimesikia."

"Utakwisha, Mama."

"Sogea kwenye kivuli, mwanangu. Jua kali."

Arletha alizunguka hadi mbele ya nyumba. Kabla majani ya miti hayajapukutika mwaka huu, aliona, utabaki mwiko peke yake unageuza wali. Jambo lenyewe, kuzishusha uma zote kwa wakati mmoja, lingefanyika leo au lisifanyike tena.

Shemasi Lucius Mobley alikuwa kwenye foleni, kofia mkononi, pamoja na Claudine na Mozelle wa kwaya. Nyuma yao lilisimama kundi la wageni waliokuja kuonja vyakula vya mitaa, wakiongozwa na msichana aliyeinua mwavuli wa manjano. Pinder ilikuwa kituo chao cha tatu.

"Sala haikufaa," Shemasi alinong'ona. "Wiki iliyopita nimeomba dakika tisa nzima. Wamefumba macho, wamesema amina, na wameendelea kutafuna."

"Leo si sala," Arletha alisema. "Leo nitauliza viazi."

Shemasi alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango alioupita maisha yake yote.

Pinder watu hula cha yeyote. Isipokuwa saladi ya viazi. Hiyo, hata harusini, hata msibani, lazima kwanza ijulikane imetoka mikononi mwa nani. Swali likiulizwa, uma zote hushuka mpaka jibu litoke. Kuna mama mmoja aliyetia zabibu kavu mwaka tisini na nane. Mpaka leo hakabidhiwi hata kukata limau.

"Na yule atajibu nini?" Claudine aliuliza, akimwonyesha Bwana Haskell kwa kidevu.

"Kwenye orodha yake ya vyakula ameandika 'siri ya nyumba'. Jina la Mama hajalitamka hata siku moja. Ataona aibu."

"Haya," alisema Mozelle. "Mimi njaa inaniuma, lakini haya."

Waliketi. Sahani zilipitishwa kwenye dirisha la jikoni: samaki, sukuma, wali mwekundu, na kando yake kilima kidogo cha viazi. Meza zote zilijaa. Arletha alisubiri hadi kila mtu awe na chakula mbele yake. Akasimama.

"Samahanini. Nani kapika viazi hivi?"

Shemasi aliweka uma chini, ukagonga sahani. Claudine akaweka wake. Mozelle wake.

"Mimi siendelei mpaka nijue," Shemasi alisema kwa sauti ya kanisani.

Mgeni mmoja alimuuliza mkewe kama chakula kina kasoro. Mke akaweka uma chini. Meza ya pili ikaiga, kisha ya tatu. Mzee mwenye kofia ya kuvulia samaki aliendelea kula. Claudine akamkazia jicho analowakazia wanaoongea wakati wa kwaya, naye akameza na kuacha. Uma arobaini zilikuwa chini. Feni ya dari ilisikika.

Dirishani, Bi Ozella aliinua kichwa. Aliweka mwiko juu ya kifuniko. Mikono yake ikaenda mgongoni, kwenye fundo la aproni ambalo halikufunguliwa kwa miaka miwili. Lilikuwa fundo la mara mbili. La kwanza likalegea.

Bwana Haskell alitoka nyuma ya kaunta. Alitazama meza, akatazama dirisha, akafika katikati ya chumba. Hakuwa na hasira.

"Swali zuri sana," alisema. "Ni Bi Ozella Spann. Amezaliwa nyumba hii hii, amepika jikoni humu maisha yake yote na baada ya hapo. Yule pale. Mpigieni makofi."

Walimpigia. Kila neno lilikuwa la kweli. Wengine walisimama.

Shemasi Mobley aliutazama uma, akamtazama Arletha. Macho yake yalikuwa na maji.

"Kamtaja, Letha," alisema. "Kamtaja kwa jina lake kamili mbele za watu. Nisipokula sasa nimemtukana mama yako."

Akala. Claudine na Mozelle wakala. Uma ziliinuka meza baada ya meza, na dirishani Bi Ozella alilikaza fundo, akachukua mwiko.

"Letha!" aliita. "Keti, mama, kitapoa."

Arletha aliketi. Msichana wa mwavuli alimjia na kumwambia onyesho lilikuwa zuri sana, akamuuliza kama angeweza kuuliza swali lile kila Jumamosi, saa saba kamili. Arletha alikuwa anakula haraka, bila kuinua uso, ili angalau uma mmoja katika chumba kile uwe chini. Alipouweka, mama yake aliiona sahani tupu, akatabasamu, akampakulia tena.