Kitabu Ambacho Askofu Hakukisoma

Miaka ishirini na miwili ya kuuza vitabu vya dini mjini Migori ilikuwa imemfunza Mellen Nyarangi kwamba wanunuzi wa vitabu hivyo ni wengi, lakini wasomaji wake unaweza kuwakalisha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Yuko anayenunua Biblia ya zipu ili ikae vizuri kwapani. Yuko anayenunua kitabu cha ndoa amwachie mumewe mezani, na mume akakigeuza cha kuwekea kikombe cha chai. Na yuko Askofu Bichage, ambaye vitabu alivinunua kwa rangi.

"Mama Liz, leo nataka nyekundu," alizoea kusema akiegemea kaunta na suti yake inayong'aa. "Nene nene. Futi mbili hivi."

Vilikuwa vya kupanga nyuma ya kiti chake anapohubiri mbele ya simu. Mellen alichukua rula akampimia fafanuzi za Agano la Kale kama anayepima kitambaa, akamfungia. Hakupata kusikia hata siku moja kwamba askofu amefungua kimoja. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma mpaka kwenye migodi ya Osiri, ambako askofu alikuwa amefungua tawi ili awaombee wachimbaji waione dhahabu, kisha aione yeye.

Basi fikiria siku askofu huyo alipoingia dukani na katoni mbili za kitabu alichokiandika yeye mwenyewe.

Juu ya jalada alisimama askofu kwa suti nyeupe, nyuma yake tai na radi. Kitabu kiliitwa *Imani Isiyoazimwa*. Mellen alitazama tai, akatazama radi, akajiuliza tai yupi mwenye akili anaruka penye radi.

"Uzinduzi ni Jumapili ijayo, Homa Bay, ile hoteli iko karibu na ziwa," alisema askofu. "Na nataka wewe usome ukurasa mmoja mbele ya watu. Marehemu Mwalimu alikuwa baba yangu wa kiroho. Wewe ukisoma, ni kama yeye mwenyewe amebariki."

Mwalimu huyo alikuwa mume wa Mellen, Nicodemus Obare, mzee wa kanisa na mwalimu wa shule ya msingi, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Mellen alikubali kwa heshima ya jina lake. Askofu alipoondoka, alivuta kigoda akafungua ukurasa wa kwanza, apate angalau cha kudharau.

Sentensi ya kwanza ilisema: "Imani si koti la Jumapili, ni jembe la Jumatatu."

Mellen aliisoma mara tatu. Sentensi hiyo aliijua. Nicodemus aliijaribu kwake kwanza, Mellen akiosha sufuria, akamuuliza kama "jembe" ni bora au "panga." Yeye ndiye aliyesema jembe. Aligeuza ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila mstari ulikuwa wa mumewe. Hasira ilimpanda mpaka akaona herufi zinacheza.

Nicodemus aliacha madaftari kumi na moja ya mazoezi, yale ya watoto wa shule, amejaza mawazo yake juu ya imani ya mtu anayelima, anayeuguza, anayegombana na jirani. Siku chache baada ya matanga, Bichage alikuja na mikate na machozi, akayaomba ili ayapeleke yapigwe chapa, familia ibaki na kumbukumbu. Miezi minne baadaye alirudi mikono mitupu, kichwa amekiinamisha. "Mchwa, Mama. Wamekula yote." Na Mellen, mjinga wa kutupwa, ndiye aliyembembeleza asijilaumu. Alimpikia hata chai ya maziwa.

Jirani yake Emmaculate, muuza vitambaa, alisikiliza habari hiyo mikono kiunoni, kisha akamwita Mama Liz kwa Kijaluo chake.

"Yawa, Min Liz! Huyu mtu ana uso kavu aje? Mpeleke kwa wakili."

Mellen alikwishafika kwa wakili. Wakili alimwambia kwa upole kwamba bila madaftari yenye mwandiko wa marehemu, ni neno lake dhidi ya neno la askofu, na askofu ana kitabu mkononi. Labda mwenyewe akiri mbele ya watu.

"Mwizi akiri mwenyewe?" Emmaculate alicheka bila furaha. "Basi ngoja kiama, dada yangu."

Usiku na mchana Mellen alikisoma kitabu kile, na kadiri alivyosoma ndivyo dharau ilivyoishinda hasira. Mtu huyu aliiba na hakutazama alichoiba! Ilionekana wazi kwamba alimwagiza mpiga chapa abadilishe tu: penye Obare aweke Bichage, penye shule aweke kanisa. Mpiga chapa alitii kwa uaminifu wote. Hivyo ukurasa wa hamsini askofu alikuwa "nikifundisha hesabu za darasa la nne kanisani kwangu," na ukurasa wa sitini alimchapa kijana viboko viwili kwa kuchelewa kufika kanisani saa moja na nusu asubuhi Jumanne. Hata mbuzi aliyeingia ghalani kula mahindi huchungulia kwanza.

Kisha akafika ukurasa wa themanini na moja, na kicheko kikamtoka kinywani.

Mjini kote Mellen aliitwa Mama Liz, kwa jina la bintiye, na watu walidhani Liz ndiye kifungua mimba. Mellen hakuwasahihisha. Kabla ya Liz, walipokuwa wakiishi Magunga ambako Nicodemus alifundisha, palikuwa na mvulana aliyeitwa Orina, na alikufa na miaka minne. Nicodemus aliandika habari zake mara moja tu, katika daftari la saba, tena bila kumtaja jina. Mellen alipomuuliza kwa nini, alisema kalamu inakataa. Aliandika tu "mwanangu wa kwanza." Na kwa kuwa hapakuwa na jina la kubadilisha, mpiga chapa alipita bila kugusa kitu.

Sasa mtoto wake alikuwa katika kitabu cha Bichage, mwana wa Bichage, marehemu. Na mwana wa kwanza wa Bichage, Levis, alikuwa hai na mzima, akifanya kazi ya umeme Mbita.

Mellen alijua mara moja ukurasa atakaousoma. Akajua pia kwamba hatausoma. Levis hakuwa na kosa. Alikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyewahi kumaliza kitabu, tena akarudi dukani kukibishia. Na kwa watu wao, kumtangaza aliye hai kuwa amekufa si mzaha wa kufanywa mbele ya hadhara. Siku mbili alitafuta ukurasa mwingine. Alichagua mmoja unaohusu subira.

Ijumaa askofu alipiga simu. "Mama Liz, usisahau kuwaambia haya maneno yametoka rohoni mwangu kabisa."

"Kuna ukurasa ungependa nisome?" Mellen aliuliza.

"Wowote, Mama. Kila ukurasa nimeulilia machozi."

"Wowote?"

"Wowote!"

Mellen aliweka simu chini. Ukurasa wa subira ulikuwa na alama ya karatasi. Aliitoa alama hiyo, akaihamisha.

Jumapili ukumbi wa hoteli ulijaa. Kwaya iliimba, mshereheshaji akapiga kelele kama anayeuza kuku, na mbele palikuwa na keki yenye umbo la kitabu, ambayo angalau watu walikuwa na nia ya kuimaliza. Katika safu ya kwanza aliketi mama mzazi wa askofu, Bathsheba, mwanamke wa miaka themanini na kitu, mgongo wima, bakora magotini. Kando yake palikuwa na kiti cha heshima cha askofu, kisha aliketi mke wa askofu, kisha Levis. Mellen alipanda jukwaani amejitanda leso kuukuu ya kijani. Alipowaona wale watatu, aligeuka kuzitazama ngazi alizopandia. Kwa muda aliona ni heri ateremke tu. Halafu askofu, amesimama mbele ya kiti chake, akampokea kipaza sauti mshereheshaji, akasema, "Sikilizeni, wapendwa, mnisikie mimi ndani ya sauti ya huyu mama."

Mellen akafungua kitabu.

"'Mwanangu wa kwanza alishikwa na malaria mwezi wa nne, mvua ikiwa imekata barabara,'" alisoma. "'Nilimfunga mgongoni kwa leso ya mama yake, ile ya kijani iliyochomwa na pasi pembeni, nikapanda baiskeli kutoka Magunga kwenda hospitali ya Mbita, kando ya ziwa. Aliniuliza kama tutaona mashua. Nikamwambia tutaziona nyingi. Kabla hatujafika, uzito wake ulibadilika. Mzazi anaujua uzito huo hata kama hajawahi kuubeba. Niliendelea kukanyaga pedali, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mashua.'"

Chini, mke wa askofu alikuwa ameushika mkono wa Levis kwa mikono yake yote miwili. Askofu alikuwa bado anatabasamu, akitikisa kichwa kwa mwendo wa mtu anayesikiliza muziki, na Mellen akaelewa kwamba hata sasa hasikilizi.

"'Matangani waliniambia, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kutoa, ndiyo, alitoa Bwana. Kutwaa kulikuwa kwa mbu na barabara mbovu. Tusimsingizie Mungu kazi ya mbu. Imani yangu ilianza upya siku nilipoacha kumwogopa Mungu kama mwizi wa watoto.'"

Alifunga kitabu.

"Bichage," Bathsheba aliita kutoka kwenye kiti chake, na hakuhitaji kipaza sauti. "Ulizika mtoto gani bila kuniambia?"

Tabasamu la askofu lilibaki usoni likiwa halina kazi. Alimtazama mama yake, akamtazama Levis, akakitazama kitabu mkononi mwa Mellen kama kimemng'ata.

"Aa, Mama, hiyo... hiyo ni mfano tu," alisema. Akakohoa, sauti ya mimbarini ikamrudia. "Ni mfano, wapendwa! Hata Bwana wetu alifundisha kwa mifano. Bwana asifiwe!"

"Amina," walisema wachache, wakiona afadhali. Wengine wakaanza kupumua. Mellen aliona jambo linavyoelekea kupita, keki ikatwe, watu waende zao. Mfano. Mtoto aliyekuwa akilala na kijiko mkononi sasa alikuwa mfano.

"Mfano huo alikuwa anaitwa nani, Askofu?" aliuliza.

"Mfano hauna jina, Mama Liz."

"Huu unalo. Anaitwa Orina Obare. Alikuwa na pengo la jino hapa mbele kwa kuanguka kwenye ngazi ya shule. Nilimzaa mimi, na aliyemfunga mgongoni ni Mwalimu." Alivua leso mabegani, akashuka jukwaani, akamwekea Bathsheba magotini upande wenye alama ya pasi. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali. "Mama, nisamehe kwa kumtaja mjukuu wako vibaya. Niliambiwa nisome ukurasa wowote."

Bathsheba alipitisha kidole juu ya ile alama ya kahawia. Alifanya hivyo taratibu, mara mbili. Kisha akajishikiza kwa bakora, akasimama.

"Tangu uzaliwe umeishi Magunga lini, Bichage?"

"Mama, haya tutaongea nyumbani."

"Yamesomwa hapa, tutaongea hapa. Levis, simama baba, watu wakuone." Levis akasimama, aibu imemjaa hadi masikioni. "Huyu ndiye mwana wako wa kwanza. Kama maneno haya ni yako, mzike hapa mbele yangu. Kama si yako, mrudishie huyu mama mtoto wake. Chagua."

Wapiga picha walikuwa wamesahau simu zao hewani, taa nyekundu zikiwaka. Levis alimtazama baba yake moja kwa moja, bila hasira, akingoja tu. Hapo ndipo askofu aliposhindwa. Mtu anaweza kumdanganya Mungu kwa kipaza sauti kila wiki, lakini kumzika mwanawe anayemtazama ni kazi nyingine.

"Si yangu," alisema.

"Sema wasikie," alisema Bathsheba.

"Maneno si yangu. Ni ya Mwalimu Obare. Kitabu chote."

"Na mchwa?" Mellen aliuliza.

Askofu aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Mellen aliona hajainamisha ili aonekane.

"Hakukuwa na mchwa. Madaftari yako nyumbani, kwa sanduku."

"Nitayaleta mimi kesho," alisema Levis. "Yote kumi na moja. Nitayahesabu."

Mellen alikuwa amengojea neno hilo la askofu wiki nzima, akidhani likija atacheka mpaka mbavu zimuume. Hakucheka. Alisimama katikati ya ukumbi wa wageni, mabega wazi, hajui arudi jukwaani au atoke nje. Kwa nyuma mtu alikuwa tayari anauliza kama keki itakatwa.

Bathsheba alimsukuma askofu kwa bakora aondoke mbele ya kile kiti cha heshima alichotengewa katika safu ya kwanza. Akamrudishia Mellen leso yake mabegani, akaivuta vizuri hadi shingoni.

"Mama Orina," alisema, "njoo uketi hapa."